Kibuyu cha Papa Paulo Kilichopanda Kipoyi

Wenzangu wa soko la Mushaki, nimechoka kujibu mmoja mmoja kati ya mafungu ya maharagi. Niliondoka hapa na Papa yangu, nimerudi bila yeye, na Mama Furaha jirani yangu ananililia kila nikipita mbele ya mlango wake. Nyamazeni kwanza! Nimeandika mambo yote jinsi yalivyokwenda tangu mwanzo. Anayejua kusoma awasomee wengine, halafu tuone kama kuna cha kulia.

Mushaki: kwa nini tulibeba pombe

Ninyi mnamjua Papa kama mzee Paulo, mwenye rozari ndefu na hasira fupi. Hamjui kwamba kule Pinga, ndani ya Walikale, yeye na mwenzake Petro ndio waliofika kwanza na habari ya Yesu, kwa miguu, kabla padri yeyote hajakanyaga pale. Watu wa Pinga wanawaita mitume wetu. Kila sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo wanaweka viti viwili mbele, karibu na altare. Kiti cha Petro kina mtu. Cha Papa kimekaa tupu tangu mimi ni msichana, na hakuna anayethubutu kukikalia, hata kanisa likijaa mpaka watu wanasimama nje.

Sababu ni pombe. Kwetu anayeleta pombe anaonja yeye kwanza, mbele ya wenye nyumba, ili waone haina kitu. Hata mtoto anajua. Asubuhi ya sikukuu moja Papa alimpelekea Petro kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na hakuonja. Haikuwa ubaya. Sheria ya Kanisa wakati ule ilisema anayekwenda komunio asitie kitu mdomoni tangu usiku wa manane, hata maji. Aliweka kibuyu chini, akasema tutakunywa baada ya misa. Mdogo wake Petro, ambaye alikuwa hajabatizwa, hakungoja misa. Akanywa. Siku chache baadaye tumbo likamshika, akafa. Watu wakaanza kuulizana: Paulo alikataa kuonja kwa nini?

Petro hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomuunguza Papa kuliko maneno ya wengine wote. "Jina ya Petro ilimufaa," Papa husema mpaka leo, "jogoo tu njo ilikosa." Tukahama. Mimi nilikuwa nimeshaposwa kule, na mbuzi za mahari zikarudishwa. Nani anataka binti wa mtu wa sumu jikoni kwake? Hasira yangu mimi inatoka pale, sifichi.

Sasa mnakumbuka padri alipotangaza hapa kwamba sheria imebadilika, kwamba siku hizi kufunga saa moja kabla ya komunio kunatosha. Ninyi mlifurahi. Papa alitoka kanisani akakaa kando ya ukuta, hakugusa bugali.

"Regina," aliniambia, "saa moja! Miye nilipoteza Pinga muzima juu ya usiku moja ya njaa. Na sasa saa moja inatosha?"

Baadaye akapita Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo anayepeleka chumvi na sabuni Pinga na kurudi na mchele na mawese. Akaleta neno kutoka kwa Petro: "Paulo akuje siku yetu. Macho yangu imezimika, miguu iko inafuata. Akuje tukae wote."

Papa alikubali, lakini kwa masharti yake. Atapeleka kibuyu cha kasiksi, ya ndizi zake mwenyewe, na ataonja yeye wa kwanza mbele ya Pinga nzima. Kununua njiani? Aka! Usilitaje. Ndizi zetu ziko chini, upande wa Sake, kwani huku juu baridi inazikataa. Nikashuka, nikakamua, nikachachua, nikapanda nayo. Mnajua kasiksi: ikichelewa siku chache inageuka siki. Kaka zangu walisema mzee amechanganyikiwa. Basi nikaenda mimi.

Mushaki mpaka Kitshanga, juu ya chumvi

Kambale alitukalisha juu ya magunia ya chumvi, ndani ya kamio, lile lori lake. Papa alibana kibuyu katikati ya magoti, amekifunga kwa kile kitambaa cheupe alichoacha marehemu Mama. Kwenye mdomo kulikuwa na kizibo cha majani ya ndizi, na kila kamio liliporuka kwenye shimo, kizibo kilitoa pumzi, fss, na mimi nikakibana kwa kidole.

Kambale ni Mkristo mwema lakini haoni watu watatu wamesimama barabarani bila kuzima mashini na kupima chumvi. Alisimama penye soko, alisimama pasipo soko. Nilimpigia kelele.

"Mama Regina," akajibu, "haraka haraka haina baraka."

"Kasiksi yangu nayo haina subira!" nikamwambia. Abiria wakacheka, yeye akaendelea kupima.

Karibu na Kitshanga, rezori, ile springi ya nyuma, ilikatika. Kambale alilala chini ya kamio na nyundo na waya, na sisi tukapokewa na mama mmoja mfugaji wa ng'ombe juu ya kilima. Anasema Kinyarwanda tu, na sisi Kihunde na Kiswahili, kwa hiyo tulichekeana sana. Alitupa maziwa ya moto na viazi, na Papa, ambaye hasifu chakula cha mtu, alisifu. Asubuhi niliamka nikasikia sauti nje, pwata, pwata, pwata. Nikatoka. Yesu Maria! Yule mama ameketi juu ya majani, kibuyu chetu kiko mapajani mwake, anakitikisa kwa nguvu na huku anaimba. Kwao kibuyu kizito kilichozibwa kina maziwa ya kutoa siagi, na yeye aliona wageni wamechoka, akaamua kutusaidia kazi.

Kabla sijafika, kizibo kiliruka juu ya paa. Povu likamwosha yule mama kutoka kichwani mpaka tumboni. Alilamba midomo, akatuangalia, na uso wake ukajaa aibu. Nilikuwa tayari kumpigia kelele, lakini Papa alinishika mkono.

"Acha. Alifanya kwa upendo."

Tulipoteza karibu robo. Kizibo kipya nilikitengeneza mimi, nikiguna kwa hasira, kwani hewa ilikuwa imeshaingia na nilijua kitakachofuata.

Mweso: askari na neno lile

Kamio likatembea tena, pole pole kama mwenye jipu. Mweso tukakuta baryeri, mti umelazwa barabarani. Askari wake walikuwa wamekaa kwenye jua kali, hawana kazi, wana kiu.

"Muzee, iko nini ndani ya ile kibuyu?"

"Pombe," akajibu Papa. Huyo hajui kudanganya, ndio taabu yake.

"Basi utupe kidogo."

"Iko ya Petro."

"Petro njo nani? Komanda?"

Nilicheka peke yangu. Mkubwa wao akasema, sawa, lakini mzee anywe kwanza, ndipo wao wanywe. Haki yake, ndiyo desturi. Papa akakataa. Alisema atakunywa mbele ya Petro na si mbele ya mtu mwingine. Askari wakatazamana.

"Eeh! Anakatala kuonja? Basi iko sumu!"

Mngeuona uso wa Papa. Neno lile lilikuwa limemfukuza Pinga, na sasa lilikuwa linamngoja Mweso, kutoka kwa kijana asiyemjua. Askari mmoja akanyoosha mkono akitaka kumwaga kibuyu chini.

Nilimnyang'anya. Nilitoa kizibo, nikanywa funda kubwa mbele yao wote, nikajifuta mdomo, nikasema: "Haya! Nimekufa? Mutoto wake njo nimekunywa. Leteni bilauri." Wakacheka, wakanywa bilauri moja kwa zamu, wakainua mti.

Mnafikiri Papa alinishukuru? Alinuna mpaka kamio lilipoacha Mweso nyuma.

"Umeifungua," alisema mwishoni.

"Nimeiokoa!"

"Nilitaka mudomo yangu ikuwe ya kwanza."

"Mbele ya Petro itakuwa ya kwanza, Papa. Petro haoni Mweso." Sikumwambia jambo jingine nililolijua tangu funda lile. Kasiksi ilikuwa imeanza kukaza ulimi. Bado siku kadhaa mpaka sikukuu, na safari yenyewe bado.

Kalembe: daraja na kipoyi

Kalembe ni pale Masisi inapokwisha na Walikale inapoanza. Kambale alisimamisha kamio, akatembea mpaka mtoni, akarudi amekunja uso. Magogo ya daraja yalikuwa yamezama, yamebaki mawili, ya kuvukia mbuzi. Watu wamekwenda kukata mengine, yataletwa kesho, ao kesho kutwa.

Nililia, nasema kweli. Nilikaa juu ya jiwe nikalia kwa sauti, na mama mmoja wa pale, ambaye sikumjua, akaniletea sombe, majani ya muhogo, na bugali ya muhogo, akasema kula kwanza, utalia umeshiba. Nilikula nikilia. Sombe ile ilikuwa na mawese mengi, tamu sana, naikumbuka.

Wakati ule wakapita vijana wa Kikristo wa Kalembe, wanakwenda Pinga kwa sikukuu, wanaimba. Kiongozi wao aliitwa Musafiri, mtu wa mzaha mwingi. Kambale aliwaeleza habari ya mzee. Musafiri hakungoja amalize. Walikata miti miwili, wakafunga kiti katikati, wakatengeneza kipoyi, kama kile walichobebewa maajenti wa Kibelgiji wa zamani.

"Papa Paulo, panda."

"Miye Mubelgiji?" Papa akauliza.

"Hapana, uko mutume."

"Mitume walitembea na miguu!"

Bishana, bishana, jua linakwenda. Nilimsihi, nikamkaripia, nikamwambia yeye ni mzee kichwa ngumu na miguu ya fito. Mwishowe akakubali kitu kimoja tu: kibuyu kipande, kwa sababu kikitikiswa kwa mkono kitamalizika. Yeye atatembea kando yake. Na ndivyo tulivyovuka yale magogo mawili, vijana wanne wamebeba pombe kwenye kiti cha bwana, na mwenye pombe anafuata kwa fimbo.

Njia ya msitu

Sasa fikirieni watu wa njiani wanaona nini. Vijana wanaimba nyimbo za Kanisa. Kipoyi, na juu yake kitu kimefungwa kitambaa cheupe. Nyuma mzee na rozari. Akina mama waliotoka mashambani waliweka chini mizigo ya muhogo, wakapiga magoti kwenye vumbi, wakafanya ishara ya msalaba.

"Simameni!" Papa akapiga kelele. "Simameni, batoto! Iko kasiksi!"

Hawakusimama. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Ananyenyekea tu. Batakatifu banasemaka vile." Mwingine akaja mbio na mtoto mwenye homa, akaomba tone moja tu la dawa ile takatifu. Musafiri aligeuka upande, mabega yanacheka. Papa hakucheka. Alimwekea mtoto mkono kichwani, akasali Salamu Maria, akamwambia mama ampeleke kwa muganga wa dispensaire. Kisha akaniita.

"Regina, batu banapigia magoti ile kitu yenye ilinifukuza."

Hatukuwa tumemaliza kilima kilichofuata miguu yake ikakataa. Aliketi tu, ghafla, katikati ya njia. Musafiri hakumwuliza tena. Walimwinua, wakamweka kitini, kibuyu mapajani, na yeye hakubisha, na kule kutobisha ndiko kulikonitisha. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nilitembea kando nimeshika mti wa kipoyi, nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwani yalikuwa zaidi ya kugombana kuliko kusali. Watu wote hawa wamfikishe hapa, halafu afie msituni? Nilimwambia Mungu akithubutu, tutaonana.

Tulilala mara mbili kwa watu wa njiani. Hawakutudai kitu, walitupa ndizi za kuchoma na maji. Papa alikunywa maji, rangi ikarudi kidogo. Kibuyu kilinuka kwa mbali sasa, hata kizibo hakikuficha.

"Papa," nikasema, "imekuwa siki."

"Najua. Nina pua."

"Pinga iko ndizi. Tutafute ingine."

"Ile ya kwanza ilikuwa yangu. Na hii iko yangu."

Pinga

Tuliingia Pinga asubuhi ya sikukuu, wanapiga ile rimu ya kamio iliyotundikwa badala ya kengele. Watu walikuwa wamejaa nje ya kanisa. Walipomwona mzee juu ya kipoyi, nyimbo zikakatika. Wale wa umri wangu walinitambua. Niliona pia yule mwanamume aliyekuwa anioe, amenenepa, mvi kichwani. Nikageuza shingo.

Petro alikuwa ameketi mlangoni, macho meupe. Nyuma yake amesimama Mama Veronika, mjane wa mdogo wake aliyekufa, amekunja mikono. Papa aliteremka mwenyewe. Hakusalimu. Alitoa kizibo, akajaza kikombe, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utoto:

"Petro, miye Paulo. Nimekuletea pombe, na ninaonja wa kwanza. Batu yote baone."

Akanywa yote. Niliona koo lake linapigana nayo, machozi yakamtoka. Akajaza tena, akaweka kikombe mkononi mwa Petro.

Petro akanywa. Uso wote ukakunjana, mdomo ukaenda upande, bega likapanda.

"Paulo!"

"Eeh."

"Hii njo sumu sasa!"

Yo! Neno lile, mahali pale, siku ile! Hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Ndipo Mama Veronika akacheka. Alianza kwa pua, akajizuia, akashindwa, akajishika tumbo, anacheka na machozi yanamwagika, na Pinga nzima ikaanguka kicheko nyuma yake. Alichukua kikombe kwa Petro, akalamba kidogo, akatema, akamkumbatia Papa.

Kelele zilipopungua, Petro akamtafuta Papa kwa mikono, akamshika.

"Nilijua," akasema. "Ile siku nilijua ulikuwa umefunga. Na miye nilikuwa nimefunga. Ningesema ile neno moja tu, watu wangenyamaza. Niliogopa familia yangu. Nisamehe, kaka."

Papa alimtazama yale macho meupe, na mimi nikasema moyoni, tafadhali, mzee, leo usiwe na hasira fupi.

"Jogoo ilichelewa," akasema. "Lakini imewika. Twende kwa misa."

Wakakaa kwenye viti vyao viwili. Kiti cha Papa kilikuwa kimepanguswa, lakini kamba zake zilikuwa mpya kabisa kwa kutokaliwa, na zililia alipoketi. Misa ilikuwa ndefu, nyimbo nyingi, mahubiri mengi. Wakati wa komunio padri aliwashukia wao kwanza, kama desturi ya pale. Papa akatikisa kichwa. Petro akaziba mdomo kwa kiganja. Padri, kijana, hakuelewa, akangoja. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikainama.

"Papa, saa moja imepita! Sheria inaruhusu!"

"Sheria inaruhusu," akanijibu bila kugeuka. "Lakini ile siku nilichagua komunio, nikamuacha ndugu yangu na kibuyu. Leo nimekunywa naye. Yesu ananijua, nitamupokea Jumapili, siku ya Mungu."

Padri akapita. Watu wote wa Pinga walikwenda, na mitume wao wawili wakabaki wameketi, mikono juu ya magoti. Mimi nilikwenda pia. Niliporudi, macho chini, nilimsikia Petro anamnong'oneza Papa.

"Imebaki?"

"Nusu."

"Bado kali?"

"Kali sana."

"Muzuri."

Kwa hiyo Mama Furaha, futa machozi. Papa yuko Pinga, nyumbani kwa Petro, wanagombana kutwa nzima juu ya nani aliyebatiza nani, na Mama Veronika anawapikia. Amekataa kurudi. Anasema kiti kimekaa tupu vya kutosha. Na yule atakayeshuka upande wa Sake kesho aje na jembe anisaidie, kwani Kambale anaondoka tena, na Papa ameniagiza miche ya ndizi zake, aipande nyuma ya nyumba ya Petro. Anasema amechoka kunywa siki.